SAHIHI, SAINI NA KADI ZA BESIBOLI

Neno sahihi lina maana mbili: ni jina ambalo mtu hulitia kwa mkono wake mwenyewe, na ni sifa ya jambo lisilo na kosa. Katika barua za ofisi utata huu haudhuru. Lakini yuko mfasiri ambaye unaweza kumtia matatani, naye ni yule anayepewa tangazo la mnada wa kadi za besiboli zilizotiwa sahihi na wachezaji wa Marekani.

Kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji. Zile za American Tobacco Company, za mwaka 1909 hadi 1911, zilitiwa katika pakiti za sigara. Baadaye nyingine ziliuzwa pamoja na chingamu. Tumependelea kuziita kadi kongwe. Kuukuu haifai hata kidogo, maana hudokeza uchakavu, na uchakavu ndio anaouogopa mkusanyaji.

Mwaka 2022 kadi ya Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6. Hakuna aliyeiandika kwa kalamu. Hata hivyo mwandiko wa jina la Mantle unaonekana mbele yake, kwa kuwa katika kadi za toleo lile Topps walichapa mfano wa sahihi ya mchezaji kiwandani. Basi mfasiri akiandika kwamba kadi ya namna hiyo "ina sahihi", hakusema uongo, wala mnunuzi hakujua anachonunua. Kwa sababu hiyo twapendekeza saini ya chapa na saini ya mkono, na neno sahihi liachiwe maana yake ya pili.

Liko na suala la kughushi. Mwaka 1999 maofisa wa FBI walifanya misako katika uchunguzi ulioitwa Operation Bullpen, wakalifichua kundi lililouza saini bandia za wanamichezo, nyingi zikiwa na vyeti vya kuzithibitisha, navyo vya uongo. Vyeti hivyo tuviiteje? "Cheti cha sahihi" hakituelezi kama kinathibitisha kuwa saini ipo au kuwa ni ya kweli. Hati ya uhalisi yaelekea kufaa zaidi.

Kampuni za uhakiki, kama vile PSA, huweza kuipa kadi daraja lake na saini daraja lake, mbali mbali. Utaratibu huo una maana, kwani wako wakusanyaji wasiotaka kadi kongwe iandikwe chochote, hata na mchezaji mwenyewe. Saini ikithibitika kuwa ya kughushi, wote hukubaliana juu ya jina la wino ule, nalo Kiswahili kinalo tangu zamani: doa.