Fedha ya Sandukuni Si Pato Lote

Zamani wazee wetu wa Gusii walilimiana kwa zamu katika egesangio. Kazi ilionekana kwa macho: leo shamba la huyu, kesho la yule. Fedha ya kikundi si hivyo. Noti ikiisha kuingia sandukuni haisemi imetoka wapi. Daftari ndilo lisemalo.

Mimi ni karani wa afisi ya kilimo, na kila mwisho wa mwaka naletewa madaftari mengi niyatazame. Kosa moja nalikuta mara nyingi: kila shilingi iliyoingia imeandikwa kuwa ni pato.

Tufanye mfano. Kikundi cha watu 30 huko Nyamira chataka kujengea chemchemi yake, tena chaotesha miche ya parachichi ya kuuza. Mwaka huu kimepokea:

Michango ya wanachama: Sh. 38,000
Miche iliyouzwa: Sh. 24,000
Zawadi ya saruji na mabomba: Sh. 60,000
Mkopo: Sh. 40,000
Jumla: Sh. 162,000

Kimetumia Sh. 50,000 kwa kazi ya miche. Sandukuni zimebaki Sh. 112,000. Wanachama wanapiga makofi: "Tugawane!" Ngojeni kwanza.

Mkopo si pato, ni deni. Zawadi imekuja na kazi yake. Ipewe ukurasa wake, isiguswe ila kwa saruji na mabomba. Mchango ni Sh. 100 kwa mwezi, yaani Sh. 36,000 kwa watu wote kwa mwaka. Zile 2,000 zilizozidi ni za waliolipa mbele. Ni za mwaka ujao. Basi pato la mwaka ni 36,000 na 24,000, jumla Sh. 60,000. Ondoa matumizi, ziada ni Sh. 10,000 tu. Hiyo nayo haigawanywi, kwani kikundi hakikuundwa kutafuta faida. Ibaki kusaidia kazi.

Nakijua kikundi kimoja, jina silitaji, kilichogawana zote. Mpaka leo mama zao wanateka maji pale pale wanywapo ng'ombe, na mkopo unadaiwa.

Basi shika haya matatu. Kila fedha iingiapo, toa stakabadhi yenye tarehe, jina la mtoaji na kazi ya fedha hiyo. Tenga kurasa za pato, za zawadi zenye kazi maalum, na za deni. Kisha hesabu isomwe mbele ya wanachama wote, kwa sauti.

Mali bila daftari huisha bila habari.