Kidevu Kifupi: Kabla ya Kisu, Tazama Meno
Mgonjwa akiniambia kidevu chake ni kifupi, kwanza namwomba aume meno nimtazame kwa upande. Meno ya chini yakiwa yamerudi nyuma mno, tatizo ni taya lenyewe: kwa kawaida hufungwa waya za meno kwanza, kisha taya hukatwa na kusogezwa mbele.

Meno yakikutana vizuri, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupachika kipande cha silikoni juu ya mfupa. Huweza kuhama au kupata maambukizi. Ya pili ni kukata mfupa wa kidevu chini ya mizizi ya meno, kuusogeza na kuukaza kwa bamba na skrubu za titani.

Zote zinaweza kuacha ganzi kwenye mdomo wa chini. Tafadhali, usikubali kisu kabla ya kupigwa eksirei na kuelezwa madhara yote.