Likizo katika pwani ya Tanzania: bahari haina kiingilio, ila ina saa zake

Kila likizo kubwa ya shule inapokaribia, familia za Bujumbura, Rumonge na Gitega zenye ndugu na jamaa Dar es Salaam hujiuliza swali lile lile: je, yawezekana kuwapeleka watoto baharini bila kumaliza akiba ya nyumba? Nauli ya basi au ya treni peke yake ni mzigo. Ukiongeza gharama za hoteli za ufukweni, boti za kwenda visiwani na vyakula vya mikahawa ya watalii, wengi hukata tamaa kabla hata ya kufunga mizigo.

Jibu ni kwamba yawezekana, na kwamba sehemu kubwa ya mambo mazuri ya pwani haitozwi hata senti moja. Lakini kuna sharti. Bahari ina ratiba yake ya kila siku, ya maji kujaa na maji kupwa. Anayeijua ratiba hiyo hupata bure mambo ambayo mwingine huyakosa hata akiwa na fedha mfukoni. Asiyeijua, hasa mzazi aliyezoea maji ya ziwa, anaweza kupoteza kitu kikubwa kuliko fedha.

Ziwa si bahari

Wakazi wa kando ya Ziwa Tanganyika si wageni wa maji. Wanayajua mawimbi ya jioni, wanajua mahali ambapo kiboko hupenda kutokea, na wanajua tofauti ya ndagala na mukeke tangu utotoni. Hata hivyo ziwa halijai wala kupwa kwa saa. Mahali pafaapo kuogea asubuhi ndipo pale pale pafaapo alasiri. Baharini sivyo. Mtu akifika Coco Beach, ufukwe wa wazi ulioko Oysterbay jijini Dar es Salaam, anaweza kukuta maji yamejaa hadi ukingoni. Akirudi baada ya saa sita, pale pale atakuta uwanda wa mchanga, miamba na majani ya baharini, na mawimbi yamekwenda mbali. Siku ambazo maji huenda sana, tofauti ya kimo chake katika pwani hiyo hupita mita 3. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na hapa wingi wenyewe hubadilika mara nne kwa siku.

Chanzo chake ni mvutano wa mwezi na jua. Katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi, bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kwa hiyo kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na robo, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta katika mstari mmoja, na maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huziita siku hizo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo hupunguzana, na maji hayaendi mbali wala hayapandi juu. Hayo huitwa maji mafu.

Katika pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo, msafiri anaweza kushika kanuni moja nyepesi. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kabisa mnamo saa kumi au saa kumi na moja alasiri. Baada ya wiki moja hivi, siku za maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, na alasiri yamepwa. Wanaohesabu tarehe za mwezi mwandamo, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za Buyenzi, tayari wanayo ratiba mkononi. Bamvua huwa na nguvu zaidi siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji mafu hufuata robo ya kwanza na robo ya mwisho ya mwezi.

Kanuni hii ni ya kukadiria tu. Ili kupata saa kamili, waulize wavuvi utakaowakuta ufukweni. Kumbuka pia kwamba saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Burundi kwa saa moja. Asiyerekebisha saa yake ya mkononi atachelewa kwa saa nzima, na kwa maji yanayorudi, saa moja ni nyingi.

Maji yakipwa: darasa lisilo na ada

Bamvua ikipwa, bahari huwafunulia watu sakafu yake. Katika madimbwi yanayobaki kati ya miamba, watoto wataona kaa, samaki wadogo wenye rangi, konokono wa baharini na kiti cha pweza chenye mikono mitano. Katika vijiji vya pwani, huo ndio wakati wa kina mama kuokota chaza na kutafuta pweza mashimoni. Ni kazi yao wala si maonyesho, kwa hiyo mgeni mwema husalimu kwanza, na huomba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Vaeni viatu vya plastiki vinavyoshika mguu, kwa maana miamba inakata, na kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia nyayoni. Jiwe mlilolipindua lirudisheni kama lilivyokuwa, kwani chini yake pana makao ya viumbe. Kombe lenye mnyama hai ndani yake liachwe palepale.

Hatari kubwa ya matembezi haya haionekani kwa macho. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Mara nyingi hujaza kwanza mifereji na mabonde yaliyo nyuma ya mtembeaji, na mtu aliyesimama kwenye fungu la mchanga hujikuta amezungukwa. Kwa sababu hiyo tembeeni wakati maji yanapotoka, na mara yanapoanza kurudi, nanyi rudini.

Maji yakijaa: wakati wa kuoga

Kuoga kunafaa zaidi maji yanapokuwa yamepanda na kufunika miamba, mahali penye mchanga na penye watu wengine. Likizo za Julai hadi Septemba huangukia majira ya kusi, upepo utokao kusini. Hewa huwa na ubaridi wa kupendeza na mvua ni chache, lakini fukwe zinazoelekea bahari kuu, kama Coco Beach, huwa na mawimbi. Mtoto asiache kushikwa mkono, hata kama ni hodari wa kuogelea ziwani. Mkondo ukimvuta mtu kuelekea ndani, asishindane nao kwa kurudi moja kwa moja. Na aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo, ndipo ageukie nchi kavu.

Jambo jingine ambalo watu wa ziwa hulisahau ni maji ya kunywa. Chumvi ya bahari huongeza kiu, na mwanga wa jua huakisiwa na mchanga na maji. Bebeni maji ya kutosha, kofia na kitambaa cha kujifunika mabega.

Mjini: samaki, kivuko na majengo ya kale

Si kila jambo la pwani linahitaji kulowa. Soko la samaki la Feri, karibu na mdomo wa bandari ya Dar es Salaam, huchangamka tangu alfajiri, boti zinaposhusha samaki na mnada kuanza. Kuingia na kutazama si kwa fedha. Mtu aliyelelewa kwa mukeke atawaona jodari, changu, kibua, ngisi na pweza. Anaweza pia kununua samaki wachache kwa bei ya soko, akawapeleka kwa wakaangaji waliomo humo humo, na hicho kikawa chakula cha mchana cha familia.

Hatua chache kutoka hapo kipo kivuko cha Magogoni kiendacho Kigamboni. Nauli ya mtembea kwa miguu ilipandishwa mwaka 2012 kutoka shilingi 100 za Tanzania hadi 200, na kwa miaka mingi imebaki hapo. Kwa fedha hiyo ndogo, mtoto huvuka mlango wa bandari na kuziona meli kubwa kwa karibu. Huenda ndani ya meli mojawapo imo shehena ya kwetu, kwa kuwa sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi zitokazo ng'ambo hupita bandari hiyo.

Kutoka kivukoni, barabara ya kando ya bahari huelekea katikati ya mji wa zamani. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, liko kando ya njia. Mbele zaidi imesimama sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake ya Kiswahili yameandikwa kwa hati ya Kilatini na kwa hati ya Kiarabu pia. Mwanafunzi wa madrasa anaweza kumsomea nduguye wa shule, na nduguye akamsomea yeye.

Bagamoyo: mwisho wa njia iliyoanzia kwetu

Kaskazini mwa Dar es Salaam, kwa mwendo wa kilomita 70 hivi, uko mji wa Bagamoyo, ambako daladala na mabasi madogo huenda kila siku. Kwa msomaji wa Burundi, mji huu si wa kigeni kabisa. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ilipita Tabora na kuishia hapa. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walipitishwa njia hiyo, na lugha ya Kiswahili ikapanda nayo kuelekea bara mpaka ikafika kwetu. Bagamoyo ndiyo iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani katika Afrika ya Mashariki hadi mwaka 1891, kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam. Burundi nayo baadaye iliwekwa chini ya utawala huo.

Wengi wamelitembelea jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, linalokumbusha kufika kwa Livingstone na Stanley mwezi Novemba 1871. Wapagazi na watumishi wa Livingstone, wakiongozwa na Chuma na Susi, ndio walioubeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kutembea katika mitaa ya mji mkongwe, kutazama milango ya kuchongwa, na kuketi ufukweni majahazi yanapotweka tanga, yote hayo ni bure. Magofu ya Kaole na jumba la makumbusho la misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, hutoza kiingilio, basi mwenye fedha kidogo na achague kimoja.

Ufukwe ni wa nani?

Baadhi ya wageni hudhani kwamba pwani yote ni mali ya mahoteli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, au shughuli zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Hata hivyo, njia ya kuufikia ufukwe inaweza kupita katika eneo la mtu, na mahoteli mengine hutoza wageni wa mchana. Kwa hiyo nendeni kwenye fukwe za wazi, na ulizeni bei kabla ya kukalia kiti wala kupokea soda. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya ni vizuri, lakini ni hifadhi za bahari zenye ada yake, na nauli ya boti huongezwa juu yake. Familia kubwa inaweza kuviacha bila kujuta. Msisahau pia kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania, na msafiri hutakiwa kuiacha mpakani. Chakula cha njiani kifungwe katika kikapu au mfuko wa kitambaa.

Siku moja ya bamvua inaweza kupangwa hivi. Saa kumi na mbili asubuhi, soko la Feri. Saa tatu, ufukweni, kuyafuata maji yanayotoka. Kisha kurudi nchi kavu kabla hayajageuka. Mchana, kivuli, chakula na usingizi. Saa tisa alasiri, kuoga maji yakiwa yanapanda. Jioni, muhogo wa kukaanga na madafu pale Coco Beach. Siku za maji mafu, kuoga kuwe asubuhi na matembezi ya mjini yawe alasiri. Gharama ni nauli ya daladala na chakula. Bahari yenyewe haitamdai mtu kitu, ila saa zake ziheshimiwe.