Diski duru haionekani kwa ordinatere: mbele ya kukubali « Formater », someni hapa



Mara nyingi tunawaandikia juu ya kahawa, mihogo na mbolea. Leo tunawaandikia juu ya kisanduku kidogo kinachokaa ndani ya kabati ya biro yenu: diski duru ya inje. Ndani yake njo munatunza liste ya wanamemba, kilo za kila mkulima, madeni, na karatasi zile wakaguzi wa sertifika wanauliza kila mwaka.

Msimu uliopita, siku mbili mbele ya kulipa wanamemba nyongeza ya bei ya kahawa, sekretere wa koperative moja tunayoisindikiza alituita kwa simu. Alikuwa ameingiza diski, ordinatere haikuonyesha kitu. Akaitosha, akairudisha, na safari hii ujumbe ukatokea kwa Kifaransa: ni lazima kuformate diski mbele ya kuitumia. Alituuliza kama abonyeze « Formater ». Tukamwambia: « Mama, bonyeza “Annuler”, toa diski pole pole, utungojee. » Daftari ya kupimia kahawa ya wiki za kwanza ilikuwa imelowana na mvua, wino umetoka. Bila ile diski, hakuna aliyeweza kuonyesha nani alileta kilo ngapi.

Kutoonekana si kupotea

Sisi maagronome tunapokuta jani la muhogo limekuwa njano, hatung'oi shina papo hapo. Tunaangalia udongo, maji, mizizi, kisha wadudu. Diski njo vile vile. Kazi yenu imeandikwa juu ya sahani zinazozunguka ndani ya kisanduku. Kati ya zile sahani na macho yenu kuna kable, kuna umeme, kuna tundu la USB, kuna programu ya ordinatere. Kimoja kikikosa, diski haionekani, na pengine kazi yote ingali salama. Kwa hiyo tunaanzia inje, tunaingia ndani hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: sikilizeni

Ingizeni diski, muweke sikio karibu. Diski nzima inawasha taa, inatetemeka kidogo, inatoa sauti laini ya kuzunguka. (Zile za aina mpya, SSD, hazina kitu kinachozunguka, hazitoi sauti.)

Kama hakuna taa wala sauti, tatizo ni umeme ao kable. Endeleeni na hatua ya 2.

Kama inapiga « tak, tak, tak » bila kuacha, ao inakwaruza, itosheni mara moja, na musijaribu tena. Kile kichwa kinachosoma kimeharibika, na kila mzunguko unaweza kukwaruza sahani zaidi. Musiipige, musiifungue, musiiweke ndani ya frigo kama watu wengine wanavyoshauri. Hapo ni kazi ya fundi peke yake.

Hatua ya 2: umeme na kable

Hapa njo tunakuta makosa mengi kwenye biro za vijijini. Diski ndogo inakunywa umeme wake kutoka ordinatere yenyewe. Tundu la USB 2.0 linatoa miliamperi 500. Lile la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, linatoa 900. Wakati wa kuanza kuzunguka, diski inahitaji nguvu zaidi kuliko wakati wa kazi. Mukiingiza diski kwenye kigawanyo kimoja pamoja na modemu, suri na simu inayochaji, umeme hautoshi.

Fanyeni hivi:

- Tosheni kigawanyo, diski iingie moja kwa moja kwenye ordinatere. Kama ni ordinatere ya mezani, tumieni tundu la nyuma.
- Tosheni simu, modemu na kila kitu kingine cha USB.
- Ingizeni chaja ya ordinatere kwa prizi. Musifanye kazi hii na betri iliyo karibu kuisha.
- Badilisheni kable. Angalisho: kuna kable za simu zinazopitisha umeme tu, hazipitishi kazi. Diski itawasha taa na ordinatere haitaiona.
- Diski kubwa, ile ya mezani, ina chaja yake ya volti 12. Bila hiyo haiamki.

Hatua ya 3: ordinatere ingine

Peleka diski kwa jirani, kwa shule ao kwa parokia, muijaribu kule. Ikionekana, diski ni nzima. Kosa liko kwa ordinatere yenu. Kabla ya kuirudisha, nakilini kwanza dosie zote kule kule. Kisha zimeni ordinatere yenu kabisa na muiwashe upya. Ikikataa bado, fungueni « Gestionnaire de périphériques », na kwenye menyu « Action » mubonyeze « Rechercher les modifications sur le matériel ».

Kama ile ordinatere ingine pia haiioni, endeleeni na hatua ya 4.

Hatua ya 4: kuangalia ndani ya Windows

Bonyezeni kwa pamoja kitufe cha Windows na X, halafu muchague « Gestion des disques ». Kama dirisha linatokea mara moja na kuwauliza kuanzisha diski, « Initialiser », bonyezeni « Annuler ». Chini mutaona diski zote, hata zile ambazo hazionekani fasi ingine. Tafuteni yenu kwa ukubwa wake, kisha mulinganishe na hizi hali ine:

1. *Diski iko, lakini haina herufi (E:, F:…).* Bonyezeni juu yake kwa kidole cha kuume cha suri, muchague « Modifier la lettre de lecteur et les chemins d'accès », muipe herufi. Hii haifuti kitu.

2. *Imeandikwa « RAW ».* Ordinatere inaona sahani, lakini haijui kusoma namna zilivyopangwa. Kazi inaweza kuwa ingalimo. Musikubali « Formater ». Programu za bure kama TestDisk na PhotoRec zinaweza kuokoa dosie, lakini zile zinazookolewa zinawekwa kwenye diski ingine, kamwe si kwenye ile ile yenye ugonjwa.

3. *Imeandikwa « Non initialisé » ao « Non alloué ».* Kama diski ilikuwa na kazi, musikubali kuianzisha upya. Rudieni hatua ya 2, na kama hakuna mabadiliko, itieni fundi.

4. *Haiko kabisa.* Ni kable, tundu, ao umeme wa ndani ya kisanduku. Fundi tena.

Kuna pia diski inayoonekana lakini dosie zimekuwa vialama vidogo vyenye mshale, ao iko tupu. Mara nyingi hiyo ni virusi iliyotoka kwa flashi ya mtu. Imeficha dosie, haikuzifuta. Musibonyeze vile vialama. Pitisheni antivirusi kwanza, kisha mwenye kujua afungue « Invite de commandes » na aandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E: ni herufi ya diski yenu). Dosie zitarudi kuonekana.

Mukienda kwa fundi

Mwambieni wazi: « Tunataka kazi iliyo ndani, si diski. » Fundi mwengine anaformate, anawarudishia diski nzuri na tupu, na anauliza feza zake. Ulizeni bei mbele. Kisha kumbukeni kwamba ndani muna majina, simu na madeni ya wanamemba. Memba mmoja wa kamati akae pamoja na fundi mpaka mwisho, na pasibaki kopi kwenye mashini yake.

Ilikuwa nini kwa yule sekretere?

Tulipofika tulikuta diski imeingizwa kwenye kigawanyo, pamoja na modemu na simu mbili zinazochaji, ordinatere yenyewe ikiwa kwa betri. Tukatosha vyote, tukachomeka chaja, tukaingiza diski moja kwa moja kwa kable fupi. Ikaonekana, liste yote iko. Malipo yalifanyika siku iliyopangwa. Kama angebonyeza « Formater », wakulima wangepanga mstari mbele ya biro isiyo na jibu, na hakuna kilicho kibaya kwa koperative kuliko memba kuanza kufikiri kilo zake zimeliwa.

Kopi tatu

Lakini ile siku tulibahatika. Diski yoyote itakufa siku moja, hata ile muliyonunua jana. Kwa hiyo tunawaomba:

- Kazi ya maana iwe na kopi 3: moja kwa ordinatere, moja kwa diski, moja kwa flashi inayokaa inje ya biro, kwa mfano nyumbani kwa mtunza feza. Moto, mvua ao wezi wakiingia biro, hawakuti zote.
- Wakati wa kupokea kahawa, nakilini kila wiki, siku ile ile. Mara moja kwa mwezi fungueni dosie moja ya kila kopi, muone kama inasomeka.
- Mbele ya kutosha diski, bonyezeni « Éjecter », mungojee itulie. Kama jenereta iko karibu kuzimwa, tosheni diski kwanza.
- Safari ya moto: ifungeni ndani ya kitambaa, na plastiki juu yake.
- Daftari ya karatasi ibaki, na ikae fasi kavu.

Kwenye mkutano wenu wa kamati unaokuja, ulizeni swali moja tu: kopi ya pili ya liste yetu iko wapi, na nani aliifungua mara ya mwisho? Kama hakuna anayejibu, ianzeni siku ile ile, mbele ya mkutano kuvunjika.