Sikiliza: mambo ambayo watoto wetu hawasemaki ku telefone

Wakati mutoto wa camp anafika ku Afrika ya Kusini kwa masomo ya iniversite, telefone yake ya kwanza inakuwaka fupi: «Papa, niko muzuri.» Hapa nyumbani tunafurahi. Tunajua pesa ya safari ilitoka wapi: ku kazi ya usiku mu mini, ku décompte final ya papa, ku likelemba ya mama. Mutoto naye anajua. Njo maana hasemi yote.

Familia nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko na mutoto kule, ao zinafikiri kumutuma. Basi leo tunataka kueleza mambo ambayo wanafunzi weusi wa inchi ile walisema wazi mu mwaka 2015, bila kuficha sura. Wao walikuwa kwao, mu inchi ya babu zao. Na hata vile walijisikia wageni.

Tuanze na Stellenbosch, muji wa mashamba ya mizabibu karibu na Cape Town. Mu mwezi wa 8 wa ule mwaka, filme moja ya nusu saa na kitu ilitoka ku intaneti. Jina lake ni Luister. Ni neno la Kiafrikaans, maana yake «Sikiliza». Wanafunzi 32 na mwalimu mumoja wanakaa mbele ya kamera, mumoja kisha mwingine, wanaeleza yaliyowafikia. Mambo mengine yalifikia mu darasa, mengine mu muji, kule watu wanaendaka kula na kunywa. Wanasema juu ya matusi. Wanasema juu ya macho yenye kuuliza: wewe unatafuta nini hapa?

Lakini jambo moja linarudi sana, nalo ni luga. Masomo mengi yalifundishwa mu Kiafrikaans. Mwanafunzi asiyejua ile luga alipewa kisikizio cha ku sikio, na mutu mwingine anamutafsiria mu Kiingereza wakati prof anaendelea kusema. Wote wako mu darasa moja, mbele ya prof mumoja, na kisha watapita egzamee moja. Mumoja anasikia somo kwa luga ya mama yake. Mwingine anafuata nyuma ya kisikizio.

Mu Afrika ya Kusini, Kiafrikaans haiko luga kama ingine. Tarehe 16 mwezi wa 6, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana juu serikali ya wazungu ililazimisha wafundishwe mu ile luga. Polisi ikawapiga risasi, watoto wakakufa. Wanafunzi wa Stellenbosch walikuwa wamezaliwa kisha, lakini ile habari waliikuta nyumbani, mu midomo ya wazazi.

Musomaji mumoja atasema: «Hata sisi mu masomo walitufundisha Kifaransa, luga isiyo ya mama zetu. Tulivumilia.» Ni kweli. Lakini mu darasa letu la primaire, Kifaransa ilikuwa muzigo wa wote. Kule, muzigo ulikuwa wa watu wa rangi moja kupita wengine. Hapo njo tunafika ku neno ambalo wale wanafunzi walitumia sana: privilège ya wazungu, ni kusema faida ambayo mutu anapata juu ya ngozi yake, bila kuiomba.

Watoto wa kazi wanaweza kuelewa hii neno mbio. Waulize wazee namna tulikaa wakati ya Union Minière. Kulikuwa muji wa wazungu na camp ya batravayeur. Kulikuwa hospitali yao na yetu, masomo yao na yetu, kazi zao na zetu. Mutoto wa ingénieur hakumunyanganya mutu kitu. Pengine alikuwa mutoto muzuri, mwenye kusalimia wakubwa. Lakini mambo yote yalikuwa yamepangwa mbele azaliwe. Akifaulu, watu wanasema ni akili yake. Mutoto wa camp akishindwa, watu wanasema ni watu wake wako vile. Mu ule mupango, muzungu mwenye roho nzuri alipata faida sawa na mwenye roho mbaya.

Sasa twende ku Cape Town yenyewe. Miezi mitano mbele ya filme ile, tarehe 9 mwezi wa 3, mwanafunzi mumoja, Chumani Maxwele, alileta ndoo ya mavi kutoka Khayelitsha, cité ambamo watu wengi hawana choo cha kweli. Akaimwanga ku sanamu ya Cecil Rhodes, iliyokuwa inakaa ku iniversite tangu 1934. Watu wengi walikasirika: namna gani mutu wa masomo anafanya uchafu vile? Wengine wakauliza: kwa nini ule uchafu haukusumbua mutu wakati ulibakia Khayelitsha? Wanafunzi wakakamata nyumba ya wakubwa wa iniversite, wakadai sanamu itoke, na waprofesa weusi waongezeke. Tarehe 9 mwezi wa 4, mashini ikaiinua na kuipeleka.

Ule Rhodes ni mutu wa habari yetu pia. Utajiri wake ulitoka mu almasi ya Kimberley, mu mikono ya wachimbaji weusi. Na alitamani shaba yetu. Mu 1890 mujumbe Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa kutafuta mukataba na Mwami M'siri, kusudi Katanga iingie mu mikono ya Rhodes na Waingereza. M'siri akakataa. Kisha, Robert Williams, rafiki wa Rhodes, njo aliingia mu shaba ya Katanga, na kompani yake ikashiriki kuunda Union Minière mu 1906. Ile sanamu ilisimamia watu ambao babu zetu walijua kazi yao vizuri.

Mu mwezi wa 10 wa ule mwaka, wanafunzi wa inchi yote wakaandamana juu ya minerval. Tarehe 23, Prezida Zuma akatangaza kama haitapanda mu 2016. Lakini kitu kimoja kinatugusa sisi zaidi. Wanafunzi walidai tena kama wafagiaji, walinzi na wapishi waachwe kuajiriwa na kompani za katikati, waingie mu kazi ya iniversite yenyewe. Kwetu tunaita ile sous-traitance, na kila familia ya mini inajua maana yake. Ule mama mwenye kupangusa darasa alifanana na mama zao. Iniversite ya Cape Town ilikubali mbele mwezi uishe.

Tusifiche upande mwingine. Mu mwezi wa 4, wakati sanamu inatoka, ku Durban na Johannesburg watu weusi walikuwa wanapiga wageni weusi, Wakongomani pia. Mwenye kuonewa anaweza kuonea. Mutoto wetu kule anaweza kubeba mizigo miwili: ya ngozi mu iniversite, na ya ugeni mu quartier.

Sasa, ni nini ilitoka mu kusema? Stellenbosch ilibadilisha sheria ya luga mu 2016, Kiingereza ikapata nafasi kubwa kusudi mutu asifungiwe mulango juu ya luga. Wapinzani walienda mpaka ku korti ya juu kabisa, na mu 2019 walishindwa. Haikumaliza ubaguzi. Lakini ilianza na watoto 32 waliokubali kusema, na jina la filme ilikuwa neno moja tu.

Njo maana tunawaomba wazazi kitu kimoja. Mutoto akipiga telefone na kusema iko muzuri, tusiishie hapo. Tumuulize: prof anafundisha na luga gani? Unakulaka na nani? Ukichelewa kuelewa, unamuuliza nani? Na siku atasema neno gumu, tusikimbilie kumujibu: «Vumilia, soma, ulienda kwa diplome.» Tulizoea kujibu vile juu sisi wenyewe tulijibiwa vile ku kazi. Yeye anatunza kimya kusudi sisi tulale. Afazali usingizi ukose usiku moja, na mutoto ajue kama huku nyumbani kuko mutu mwenye kusikiliza.