Kwa Nini Panya Hagusi Sumu Mara ya Pili

Julai 2022, wilayani Ruangwa, watu waliugua homa huku wakitokwa na damu puani. Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ni homa ya mgunda: wagonjwa 20, vifo vitatu. Vijidudu vyake, leptospira, hukaa kwenye figo za panya na wanyama wengine, vikatoka na mkojo hadi kwenye maji na udongo. Kwa hiyo swali la wakulima wa Ruangwa na Nachingwea ni la afya pia: mbona sumu iliyoua juzi leo haiguswi?

Wapo wanaosema panya husikia, ndiyo maana chambo hutegwa kimyakimya na anayetaja sumu hunyamazishwa. Wengine husema panya hao wametumwa, na hapo mganga anapata biashara. Ni uongo unaokula fedha ya mkulima wakati panya wanakula mahindi yake.

Panya akikuta pumba ngeni iliyokandwa kwa mafuta, hali kwa pupa. Ananusa, anadokoa, anaondoka. Hawezi kutapika, hivyo kuonja ndiyo kinga yake. Zinki fosfaidi, ule unga mweusi unaonuka kama kitunguu saumu, humuumiza ndani ya saa chache. Akinusurika, ladha ile haitaki tena.

Mwaka 1966 huko Marekani, John Garcia na Robert Koelling waliwapa panya maji matamu huku taa ikiwaka na sauti ikilia. Walioumwa tumbo baadaye waliikwepa ladha. Waliopigwa shoti ya umeme waliogopa taa na sauti.

Mwaka 1972, Robert Rescorla na Allan Wagner walilitungia somo hilo hesabu. Mnyama hujifunza kwa kadiri anavyoshangazwa, yaani kwa tofauti kati ya alichotarajia na kilichompata. Tuseme woga kamili ni 100, na kila tukio hufidia nusu ya pengo. Woga hupanda hadi 50, kisha 75, kisha 87.5, mshangao ukipungua, somo nalo hupungua. Kwa ladha na tumbo kasi ni kali mno, mara moja yaweza kutosha.

Lakini hesabu hiyo ina tundu. Panya anayekula pumba safi siku kadhaa hashangazwi na chochote, woga wake unabaki sifuri. Sumu ikiingia, hesabu inasema atajifunza upesi kama mgeni. Kumbe huchelewa! Lubow na Moore walikwishaliona jambo la namna hii mwaka 1959 kwa kondoo na mbuzi: ishara iliyozoeleka bila kuleta lolote ni ngumu kufundishia. Mwaka 1975 Nicholas Mackintosh akaingiza usikivu wa mnyama kwenye hesabu, nao hupanda na kushuka: ishara isiyoleta lolote huacha kuzingatiwa.

Ndiyo maana chambo safi hutangulia siku chache kabla ya sumu kali. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama bromadioloni, huua baada ya siku kadhaa, panya asijue kilichomponza. Mchuuzi wa pakiti zisizo na lebo hutangaza kwa kipaza sauti kwamba yake inaua papo hapo. Kasi hiyo anayoisifia ndiyo inayowafundisha wanaonusurika.

Nunua yenye lebo, vaa glavu, weka mbali na watoto, fukia mizoga. Shambani penye maji vaa buti. Ukipata homa, wahi kituo cha afya na umweleze daktari habari za panya: antibayotiki hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.