Tumbili na Funza: Yupi Adui Mkubwa?

Mkulima wa kando ya msitu hulinda shamba lake mchana kutwa, tumbili wasiyamalize mahindi. Jioni hurudi nyumbani akichechemea, kwa kuwa funza wamo miguuni mwake, na hao hakuwawekea ulinzi wo wote. Yafaa basi wezi hawa wawili walinganishwe.

Tumbili ni mwizi wa kuonekana. Huja mchana kwa makundi, na usiku hulala mitini. Jike huchukua mimba miezi mitano na nusu hivi, kisha kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Akifukuzwa hukimbia, na hasara yake hukoma pale.

Funza hakimbii. Ni mdudu wa jamii ya kiroboto, na urefu wake hautimizi milimita moja. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 aliletwa Ambriz, pwani ya Angola, na meli iliyotoka Brazil. Akafuata njia za misafara, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha kufika pwani ya Afrika Mashariki. Jike hutoboa ngozi ya mguu, akajikita humo na kunywa damu mpaka tumbo likavimba kama punje ya njegere. Hutaga mayai 100 au zaidi, yakaanguka mavumbini, na baada ya majuma matatu au manne hutokea funza wapya. Kidonda chake chaweza kuingiza pepopunda, na mtoto mwenye funza wengi hushindwa kwenda shule.

Funza si uchawi wala laana, na mwenye funza hastahili kuchekwa. Chanzo ni vumbi la sakafu, miguu mitupu, na nguruwe, mbwa au panya walalao pamoja na watu. Sakafu inyunyizwe maji na kufagiwa, au itiwe saruji ikipatikana. Viatu vivaliwe. Pini moja isitumiwe na watu wengi, maana hupitisha magonjwa ya damu. Mafuta ya dimetikoni yakipakwa juu ya funza humziba pumzi, akafa pasipo kuchokolewa.

Katika jambo hili tumbili ni mwalimu. Kila siku hukaa na mwenzake wakapekuana manyoya, wakitoana kupe na chawa. Watu wa nyumba moja nao wachunguzane miguu kila jioni, wakianza na watoto wadogo na wazee wasioweza kujitazama. Mahindi na yalindwe; lakini wahenga walinena, kikulacho ki nguoni mwako.